Wawili, Gari Moja, Shilingi 60,000: Gawanyeni Pesa za Safari Kabla Hamjatoka Nyumbani

Mume na mke wakipanga safari ndefu ya gari, mazungumzo mengi huwa ni ya barabara. Tupitie wapi? Tulale wapi? Hili gari kweli litafika? Pesa nazo huachiwa swali moja tu: "Kwani tuko na ngapi?" Jibu likipatikana, gari linawashwa. Siku ya tano mmoja anaangalia salio kwa simu, mwingine anaangalia geji ya mafuta, na ndani ya gari kunakuwa na kimya kirefu.

Mara nyingi shida si kwamba pesa zilikuwa kidogo. Shida ni kwamba zote zilikaa mahali pamoja, kwa simu moja, bila jina. Shilingi ya mafuta ya kurudi nyumbani inafanana kabisa na shilingi ya samaki wa kupaka. Usipoipa jina, italiwa.

Hapa tutatumia safari moja kama mfano: Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi, Tanga, kisha mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, Mombasa, halafu nyumbani Nairobi. Ni mzunguko wa karibu kilomita 1,350, wenye nchi mbili, mipaka miwili na sarafu mbili. Wasafiri ni wawili, gari ni dogo, siku ni nane, usiku ni saba, na mfuko wote ni shilingi 60,000. Bei tulizoweka ni za mfano wa hesabu tu. Weka zako, hesabu itabaki ileile.

Ipe kila shilingi jina

Anza na mafuta, kwa sababu mafuta hayabembelezwi. Kwa kilomita 1,350 za njia kuu, ongeza 150 za kuzunguka mjini. Hiyo ni 1,500. Gari likienda kilomita 14 kwa lita moja, mtahitaji lita 107 hivi. Tuseme lita ni shilingi 185: hapo ni karibu shilingi 20,000.

Sasa gawanyeni zote:

- Mafuta: 20,000
- Malazi, usiku 7 kwa 2,000: 14,000
- Chakula cha watu wawili, siku 8 kwa 1,200: 9,600
- Mambo ya mpaka, yaani bima na vibali vya gari: 6,000
- Ada za miamala na kubadilisha pesa: 1,000
- Starehe na viingilio: 3,600
- Dharura: 5,800

Jumla ni 60,000 kamili. Angalia kwamba starehe iko kwenye orodha. Bajeti isiyo na soda wala kiingilio hudumu siku mbili, halafu mtu anaivunja kimyakimya. Ni afadhali starehe iwe na mfuko wake, ukiisha umeisha.

Kitu kingine cha kujua kuhusu mafuta: EPRA hutangaza bei mpya za Kenya tarehe 14 ya kila mwezi, na zinaanza kutumika tarehe 15. Tanzania, EWURA hutangaza bei zake Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kama safari yenu inaangukia siku hizo, angalieni tangazo kabla ya kuamua mjaze tangi upande gani.

Pesa ya kurudi haiguswi

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Kwa gari letu hizo ni lita 34 na kitu, yaani kama shilingi 6,400. Ongeza 1,100 za kula njiani. Shilingi 7,500 basi ndiyo tiketi yenu ya kurudi nyumbani, na imeshatolewa ndani ya mafungu ya mafuta na chakula hapo juu.

Hii pesa isikae kwenye salio la kawaida. Iweke kwenye akiba ya simu, ile ambayo lazima ufungue menyu nyingine kabisa ndiyo uitoe. Hatua mbili za ziada zinatosha kumfanya mtu ajiulize, "Ngoja kwanza, hii si ya kurudi?"

Kama akiba yenu hufungwa hadi tarehe fulani, msichague siku ya mwisho ya safari. Chagueni siku ya nne. Sababu tutaiona tukifika Moshi.

Simu mbili, kazi mbili

Wanandoa wengi huweka pesa zote za safari kwa simu ya mmoja. Inaonekana rahisi, lakini fikiria simu hiyo ikipotea sokoni Tanga. Laini imesajiliwa kwa jina la mwenyewe, na kuirudisha kwa kawaida kunahitaji yeye mwenyewe, kitambulisho chake na duka la mtandao wake, ambalo liko Kenya. Mtakuwa na pesa, lakini hamwezi kuzifikia mpaka mvuke mpaka.

Gawanyeni hivi: mmoja ashike mafuta, mpaka na dharura. Mwingine ashike malazi, chakula, starehe na ile akiba ya kurudi. Simu moja ikizima au ikipotea, nyingine inaweza kuwafikisha nyumbani. Ukishika fungu lako pia unajua ni wewe wa kulipa, hakuna ile ya "nilidhani wewe ndio umelipa."

Na PIN je? Kila mtu abaki na yake, hata kama mmeoana miaka 20. Si suala la kutoaminiana. PIN inayojulikana na watu wawili ni rahisi kutajwa kwa sauti kwenye kaunta ya hoteli au kuandikwa kwenye karatasi ndani ya gari. Mkitaka uwazi, kuna njia bora tutakayoisema huko mwisho.

Ada ndogondogo hula chakula cha siku nzima

Ada za kutoa pesa kwa ajenti huenda kwa ngazi. Kila ngazi ina ada moja, utoe kidogo au utoe hadi juu ya ngazi hiyo. Tuseme kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 500 mara tano, umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja, umelipa 29. Pesa ni zile zile, lakini 116 zimepotea. Angalia jedwali la ada kwenye simu yako kabla ya safari, ujue ngazi zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Kanuni ya barabarani ni hii: penye namba ya till, lipa kwa till. Mnunuzi halipi ada ya kulipia bidhaa kwa till. Ukimtumia mwenye duka kwa namba yake binafsi, ada ya kutuma ni yako. Kwa paybill inategemea jinsi biashara ilivyojisajili, kwa hivyo soma kiasi kilichoandikwa kabla ya kuweka PIN.

Na malipo ya chumba mtandaoni? Ukiombwa kutuma amana kabla hujafika, omba namba ya till au paybill yenye jina la biashara. Jina likitokea la mtu ambaye hamjawahi kumsikia, simama hapo. Jina linaloonekana kabla ya PIN ndilo nafasi yako ya mwisho ya kughairi bila kumbembeleza mtu.

Beba pesa taslimu kiasi, lakini si zote. Vituo vidogo vya njiani huweza kukosa mtandao, au ajenti akawa hana floti ya kutosha siku hiyo. Pesa taslimu za kutosha chakula cha siku moja na lita kumi za mafuta zitawavusha. Zigawanyeni pia, kila mtu na zake.

Kabla ya Namanga

Namanga iko karibu kilomita 165 kutoka Nairobi. Tangu 2018 ni kituo cha pamoja cha mpakani, maana yake kutoka Kenya na kuingia Tanzania kunafanyika kwenye jengo moja. Hilo linapunguza foleni, lakini halipunguzi karatasi.

Kwa Mkenya, kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi kuingia Tanzania jinsi kinavyotosha kuingia Uganda au Rwanda. Mnahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Beba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Gari linahitaji logbook na bima inayovuka mpaka, ile inayoitwa kadi ya njano ya COMESA, ambayo bima yako ya kawaida inaweza kukutolea kwa malipo ya ziada. Kama logbook iko kwa jina la mtu mwingine, au benki bado inadai, mbebe barua ya ruhusa. Upande wa Tanzania kuna vibali na ada za gari la kigeni. Ulizia kiasi cha sasa na aina ya malipo yanayokubaliwa kabla hamjaondoka, kwa sababu kufika kwa dirisha la malipo na pesa zisizokubaliwa ni kuanza safari kwa kukopa.

Upande wa simu, fanya mambo matatu mkiwa bado Kenya:

1. Washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi, kisha hakikisha unaweza kuangalia salio.
2. Zima data ya nje ya nchi. Karibu na mpaka, simu yaweza kushika mtandao wa ng'ambo hata kabla hujavuka, na programu zinazojisasisha zenyewe zikala salio lako la maongezi.
3. Angalia kwenye menyu ni huduma gani za Tanzania pochi yako inafikia. Usidhani till ya Kenya na Lipa Namba ya Tanzania ni kitu kimoja. Hata kampuni mbili zikiwa na jina linalofanana, pochi ya Kenya na pochi ya Tanzania ni akaunti tofauti, sarafu tofauti na ada tofauti.

Elfu kumi ya Arusha si elfu kumi ya Nairobi

Ukivuka mpaka, namba zinanenepa ghafla. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie inatajwa kwa maelfu. Mtu anashtuka siku ya kwanza, siku ya pili anazoea, siku ya tatu anatoa noti bila kuhesabu. Hapo ndipo bajeti huvuja.

Tumia hesabu hii ya kichwani. Ikiwa shilingi moja ya Kenya ni sawa na 20 za Tanzania, ondoa sifuri moja halafu gawa kwa mbili. 10,000 ya Tanzania inakuwa 1,000, ukigawa kwa mbili ni 500. 45,000 inakuwa 4,500, halafu 2,250. Kiwango kikibadilika kidogo, hesabu hii bado itakupa picha ya karibu. Fungu la chakula la 1,200 kwa siku ni 24,000 za huko. Hiyo namba iandike mahali mtakapoiona.

Sasa kubadilisha. Kwa siku za Tanzania, safari yetu inahitaji malazi ya usiku tano, chakula, na mafuta ya kama kilomita 700. Jumla ni karibu shilingi 25,000 za Kenya. Kwa kiwango cha 20 mtapata 500,000. Kwa kiwango cha 19 mtapata 475,000. Tofauti ni 25,000 za Tanzania, yaani 1,250 za Kenya. Chakula chenu cha siku nzima kimeishia kwa meza ya kubadilisha pesa.

Kwa hivyo, angalieni kiwango cha siku kabla ya kufika, na mlinganishe angalau sehemu mbili. Nendeni benki au duka lenye leseni linalotoa risiti. Vijana wanaokimbilia gari na bunda la noti wanaweza kutaja kiwango kizuri, lakini kuhesabu kwa haraka dirishani na kuhesabu kwa utulivu mara nyingi hakuleti jibu moja. Ukituma au kupokea pesa kwa simu kuvuka mpaka, angalia vitu viwili pamoja: ada, na kiwango. Huduma yenye ada ndogo na kiwango kibaya inaweza kuwa ghali kuliko ile yenye ada inayoonekana.

Msibadilishe zote siku ya kwanza. Badilisheni nusu, muone mnavyotumia. Kila shilingi iliyobaki bila kutumika itabidi ibadilishwe tena kurudi, na hapo mtakuwa mmekatwa mara mbili.

Moshi ndipo mnaamua

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Mkiwa Moshi, mmelala usiku tatu na mmemaliza mpaka wa kwanza. Asubuhi ya siku ya nne, kabla ya kuwasha gari, hesabuni kila kitu: simu mbili, pesa taslimu, na ile akiba ya kurudi.

Kama mmefuata mgao wetu, mmetumia hivi: mafuta kama 5,300, malazi 6,000, chakula 3,600, mpaka 6,000, ada 500 na starehe 1,500. Jumla ni 22,900. Kwa hivyo mnapaswa kubaki na karibu 37,000.

Mkiwa na hiyo, endeleeni. Barabara inapita Same, Mombo, Korogwe na Segera hadi Tanga, karibu kilomita 350. Mkiwa na pungufu kidogo, punguzeni starehe na mwendelee.

Lakini mkiwa chini ya 31,000, maana yake fungu lote la dharura limeshaondoka na bado mna zaidi ya kilomita 1,000 mbele. Hapo kuna njia nyingine. Kutoka Moshi mnapitia Holili, mnavuka mpaka Taveta, kisha Voi, ambapo mnaingia barabara kuu ya kwenda Nairobi. Kufika nyumbani kwa njia hii ni karibu kilomita 480, umbali sawa na kutoka Mombasa. Ndiyo sababu ile akiba ya 7,500 inatosha kwa njia zote mbili, na ndiyo sababu tulisema ifunguke siku ya nne.

Kurudi kupitia Taveta si aibu. Mtakuwa mmemwona Kilimanjaro, mmelala nchi ya watu, na mtafika nyumbani bila deni. Tanga haiendi mahali. Kinachoumiza ni kujikaza, kufika Tanga na elfu tano, halafu mmoja aanze kupigia ndugu simu usiku: "Bro, nitumie kitu kidogo, nitakurudishia wiki ijayo."

Amueni namba hii mkiwa bado nyumbani. Mkiwa nyumbani 31,000 ni hesabu tu. Mkiwa Moshi, bila makubaliano, namba hiyo inageuka kuwa ubishi wa nani alitumia nini.

Tanga: maliza shilingi za huko kwa tangi

Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro ni safari ya kama kilomita 70. Kabla ya kuondoka, hesabuni shilingi za Tanzania zilizobaki. Badala ya kuzibadilisha zote mpakani na kukatwa tena, jazeni nazo mafuta. Lita iliyo ndani ya tangi haina kiwango cha kubadilisha. Zile chache zitakazobaki zibadilisheni kabla ya kuondoka mpakani, maana Nairobi si kila mtu anazitaka.

Mkishaingia Lunga Lunga, hakikisheni simu imerudi kwenye mtandao wa Kenya. Hapo till na ajenti wenu wa kawaida wako kazini tena. Mbele, barabara ya Dongo Kundu inawaunganisha na barabara ya Nairobi bila kupanda feri ya Likoni.

Dharura ni nini?

Kubalianeni mapema: dharura ni gari, afya au usalama. Pancha ni dharura. Homa ni dharura. Kufika usiku mahali na chumba cha bei mliyopanga kimejaa ni dharura. Nyama choma ya ofa si dharura. Aliyeshika fungu hilo asilitoe kabla ya kumwambia mwenzake.

Msigeuze mkopo wa simu kuwa fungu la nane. Mikopo ya muda mfupi ina gharama inayoendelea kukua mkiwa barabarani, na itawasubiri mlangoni mkirudi. Kama simu yako hukamilisha malipo kwa mkopo salio likiisha, jua iko wazi au imefungwa kabla ya safari.

Wasafiri pia ni windo rahisi la matapeli. Ukipata meseji kwamba umetumiwa pesa kimakosa na mtu anakupigia akilia umrudishie, usirudishe chochote. Angalia salio lako kwanza. Hata kama pesa imeingia kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtandao wake. Fedha za watu zina njia yake rasmi ya kurudi.

Dakika tano kila jioni

Hii ndiyo njia ya uwazi bila kupeana PIN. Kila jioni, kabla ya kulala, kila mmoja afungue taarifa ya miamala kwa simu yake na asome kwa sauti alicholipa siku hiyo. Andikeni kwa daftari moja: fungu, kiasi, kilichobaki. Pesa taslimu pia ziandikwe, maana hazina meseji ya kukukumbusha.

Fungu moja likizidi, amueni hapo hapo litatoka wapi. Malazi yakizidi 500, starehe ipungue 500. Ubishi wa shilingi 500 jioni ya siku ya pili huisha kwa dakika moja. Ukiachwa hadi siku ya saba, unakuwa ubishi wa mambo mengine kabisa.

Kwa ufupi, kabla ya kutoka nyumbani muwe na vitu vinne: mafungu yenye majina, akiba ya kurudi iliyofichwa mbali na salio, simu mbili zenye kazi tofauti, na ile namba ya Moshi mliyokubaliana. Pasipoti kwa mkoba, simu zimejaa chaji, hewa ya tairi imepimwa.

Safari njema.